Dhana na Yakini: Juu ya Vijana na Hadithi za Upelelezi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuyajua ya dhahiri na ya siri, ambaye hakumpa kiumbe ufunguo wa kifua cha mwenziwe. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake, aliyekuwa akiwahukumu watu kwa lililodhihiri, na lililofichika akimwachia Mola wake.

Ama baada ya hayo. Katika nyumba nyingi za mwambao leo, tangu Lamu mpaka Kilwa, na visiwani pia, hutukia jambo ambalo wazee hulitazama wasijue walipe jina gani. Kijana aliyekuwa akilala baada ya Isha sasa hukesha. Ukimchungulia humkuti katika karata wala katika maasi yanayojulikana (na kumchungulia huko nako kuna maneno yake, yatakuja mbele). Utamkuta amejifunika shuka, simu i mkononi, anatazama kisa cha mtu aliyeuawa na cha askari kanzu anayemtafuta muuaji. Kikisha kisa hiki hufungua cha pili. Akiamshwa kwa sala ya Alfajiri huamka kwa uzito, na wakati wa chai macho yake yamo katika mikono ya watu: nani ana kovu jipya, nani amebadili saa, nani amekwepa suali. Babake akimwuliza faida ya mambo hayo hujibu kwamba anajifunza namna ya kuipata haki.

Na jibu hilo si la kipumbavu. Wako wazee ambao hulikata kwa neno moja, wakasema haramu, wakenda zao msikitini. Na wako wengine ambao husema ni mchezo tu, mtoto atakua, ataacha. Wote wawili wamefanya haraka. Suala lenyewe ni hili: moyo uliozoea kumtafuta mwenye kutenda dhambi iliyofichwa, je, umezoezwa haki, au umezoezwa dhana mbaya?

Hadithi za namna hii si za kale sana. Wenye kuitafuta asili yake huitaja ile aliyoiandika Edgar Allan Poe, Mmarekani, mwaka 1841, juu ya mauaji katika mji wa Paris. Mwaka 1887 akatokea Arthur Conan Doyle, tabibu, akamtunga Sherlock Holmes, ambaye akitazama matope ya kiatu humwambia mtu alikotoka. Pwani ya Afrika Mashariki ilipata wake mwaka 1960, alipotoa Muhammed Said Abdulla wa Unguja kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale, akamleta Bwana Msa na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum. Kiswahili cha vitabu vile ni kitamu, na mzee anayesema kwamba hakuvisoma ujanani huenda amesahau tu. Na uzuri mmoja wa Bwana Msa ni kwamba pale watu walipotetemeka wakataja mizimu, yeye aliutafuta mkono wa binadamu. Kisha vitabu vikazidi, zikaja sinema, ikaja televisheni, na mwaka 2000 Wamarekani wakaanzisha mchezo wa CSI, ambao ndani yake unywele mmoja na tone la damu hutosha kuimaliza kesi kabla ya saa kwisha. Na leo kuna masimulizi ya visa visivyotungwa, vya watu waliouawa kweli, navyo vyasikilizwa kwa ajili ya kupitisha wakati. Mama wa maiti yu hai, usingizi umemhama. Na kijana wa Mombasa asiyemjua anatafuna njugu huku akingoja aambiwe kisu kilikuwa cha namna gani. Hilo peke yake lamtosha mwenye kufikiri kuizima simu yake, lakini silo lililo zito kuliko yote.

Kwanza wapewe watu hao haki yao. Mwaka 1903, katika jimbo la Staffordshire nchini Uingereza, alihukumiwa kifungo cha miaka saba wakili kijana, jina lake George Edalji, kwa tuhuma ya kumpasua farasi usiku malishoni. Babake alikuwa mtu wa asili ya Bombay, Mparsi aliyeingia Ukristo akawa kasisi wa kijiji cha Great Wyrley. Na wengi waliokitazama kisa kile baadaye walisema kwamba rangi ya kijana ilimtangulia mahakamani. Alikaa gerezani miaka mitatu. Conan Doyle, yule yule mtungaji wa Holmes, alipokwenda kuonana naye hotelini alimkuta anasoma gazeti amelikurubisha mno na uso, akafahamu papo hapo kwamba macho yake hayaoni mbali. Mtu kama huyo atavukaje makonde gizani, amtafute mnyama, amjeruhi, arudi, na askari wanalinda njia? Doyle akaandika magazetini mwanzoni mwa mwaka 1907. Mwaka huo huo Edalji akapata msamaha, na Uingereza ikaunda mahakama ya rufaa za jinai, ambayo kabla yake haikuwako. Hapa jicho la mpelelezi lilimtoa mtu katika dhulma. Mwenye kusema kwamba fani hii haina kheri hata chembe hana hoja.

Lakini kisa hakikomei hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo ambayo vijana hawaisimulii. Doyle huyo huyo, baada ya kumtetea Edalji, alimshika mtu mwengine kwa ishara zilizomkaa akilini, akadai kwamba huyo ndiye. Na jambo hilo halikuthibitika mpaka leo. Kwa ishara alimwokoa mmoja, na kwa ishara akamtia mwengine katika tuhuma isiyo na ushahidi. Na mwaka 1920 alitangaza gazetini kwamba amezisadiki picha za wasichana wawili wa Cottingley, zilizoonyesha vijitu vyenye mbawa vikicheza bustanini. Wasichana wale, walipokuwa wakongwe, mwaka 1983, wakakiri kwamba vijitu vile walivichora na kuvikata katika karatasi. Basi aliyemtunga mjuzi wa ishara zote alidanganywa na watoto wenye mkasi.

Hakuwa mjinga. Ila kuna farka kubwa kati ya kitabu na dunia, na farka hiyo kijana haioni kwa kuwa utamu wa hadithi umesimama juu yake. Katika kitabu, matope ya kiatuni yana maana moja tu, kwa sababu mtungaji ndiye aliyeyapaka. Amekwisha kuijua siri kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, kisha amezunguka nyuma akiangusha dalili moja moja ili msomaji aziokote. Kila mlango unaofungwa una aliyeufunga, kila uwongo una sababu ya dhambi. Katika dunia, matope huwa ni ya mvua. Mtu hukwepa suali kwa kuwa ana deni, au ana maradhi anayoyaonea haya, au amechoka tu. Kijana aliyesoma hadithi mia moja za upelelezi amefundishwa mara mia moja kwamba ishara haisemi uwongo, na kwamba mwenye akili huisoma.

Mwezi wa Aprili mwaka 2013, baada ya mabomu ya mjini Boston, maelfu ya watu waliokuwa majumbani mwao wakakusanyika katika intaneti, wakazipekua picha za umati wa siku ile, wakiangalia mabegi na kofia, wakipima sura. Wakamtaja kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa amepotea kwao tangu mwezi wa Machi. Jamaa zake, ambao usiku na mchana walikuwa wakimtafuta, wakaanza kupokea matusi. Baada ya siku chache maiti ya kijana yule ikaopolewa mtoni, na ikabainika kwamba hakuhusika na lolote. Wale waliomtaja hawakuwa waovu. Walidhani wanaisaidia haki. Wala hapana mmoja wao aliyeapishwa, wala aliyeulizwa jina lake.

Wala mambo haya si ya Marekani peke yake. Na upigwe mfano mdogo, ambao mji wowote wa pwani hauukosi.

Kijana wa miaka kumi na sita, hodari wa masomo, amehitimu Kurani, aona siku moja kwamba mamake havai tena vikuku vyake vya dhahabu. Hakuna aliyelia kwamba vimepotea. Yeye ndiye aliyeona, na kuona kule kulimpa furaha aliyoificha hata kwa nafsi yake. Akaanza kazi. Nyumbani pana binti wa watu kutoka shamba, anayesaidia kupika na kufua. Kijana akatia akilini kwamba binti huyo Jumanne alichelewa kurudi sokoni. Kwamba ana kanga mpya. Kwamba akizungumza katika simu hutoka uani na kushusha sauti. Kwamba siku alipoulizwa habari ya ufunguo wa kabati mkono wake ulitetemeka. Akayaandika yote katika daftari, kwa tarehe na saa. Siku ya saba, mamake yumo jikoni na wageni wako barazani, akayasema yote mbele ya watu kwa mpango mzuri, dalili juu ya dalili, kama alivyosikia yakisemwa mwisho wa kila kisa. Binti akalia asijibu. Kesho yake hakuonekana.

Vikuku vilikuwa kwa sonara. Mama mwenyewe alimpa mumewe aviweke rehani ili ilipwe karo ya mwaka ya mwanawe huyo huyo, na wote wawili waliafikiana kwamba mtoto asijue, asije akaona unyonge mbele ya wenzake. Nyumba ile ilikuwa na siri, na ndani yake hamkuwamo dhambi.

Sasa atafutwe kosa la kijana liko wapi. Hakusema uwongo hata neno moja. Kuchelewa kulikuwa kweli, kanga ilikuwa kweli, mkono ulitetemeka kweli. Akili yake ilikuwa nzuri, na daftari lake safi kuliko la makarani wengi.

Wasomao chuoni wanajua kwamba kisa cha ishara kilicho bora kuliko vyote kimo katika Sura ya Yusuf, na ni ajabu kwamba watu huisoma wasione ndani yake mafunzo ya jambo hili. Miongoni mwa ishara zilizomo mle ni kanzu mbili na kikombe kimoja. Kanzu ya kwanza nduguze Yusuf waliileta kwa baba yao ina damu, na damu ile ilikuwa ya uwongo. Ishara ilikuwa mbele ya macho, inashikika kwa mkono, na ikasema uwongo. Na wafasiri wamesema kwamba Yakubu alistaajabu kwa mbwamwitu mpole namna ile, aliyemla mtoto asiipasue kanzu. Kanzu ya pili ilipasuliwa nyuma, na mtu wa jamaa ya mwanamke akatoa kipimo chake kabla ya kutazamwa: ikiwa imechanika mbele, mwanamke amesema kweli, ikiwa nyuma, Yusuf ndiye mkweli. Ishara hii ikasema kweli, na mume akaijua kweli. Mwenye kupenda upelelezi atasimama hapa afurahi, afunge kitabu, kwa kuwa hapa ndipo hadithi zake zinapokwisha.

Lakini Sura haikufungwa. Baada ya kuziona zile ishara zote, watu wale wakaonelea bora wamtie Yusuf gerezani kwa muda, na akatiwa, akakaa miaka. Walijua kwamba hana kosa. Hapa ndipo kijana angepaswa kukaa kitako afikiri: kumbe kuijua kweli ni jambo moja, na haki kutendeka ni jambo jingine, na hiyo haki haiji kwa wepesi wa jicho, huja kwa mtu mwenye mamlaka anayemcha Mungu.

Na ishara ya tatu ndiyo ya kutisha. Kikombe cha mfalme kikatolewa katika mzigo wa Binyamini. Kimepekuliwa, kimeonekana, mashahidi wamesimama. Lau angekuwako askari kanzu yeyote wa hadithi, kesi ingekuwa imekwisha. Naye Binyamini hakuiba. Kikombe kiliwekwa mle kwa mpango ambao Mwenyezi Mungu ameuelezea kuwa ni yeye aliyempangia Yusuf. Nduguze papo hapo wakaruka, wakasema kwamba kama huyu ameiba basi na nduguye kabla yake aliiba, wakimkusudia Yusuf, ambaye amesimama mbele yao anawasikia. Dhana moja ikazaa ya pili, ikamfikia mtu ambaye kwao alikuwa maiti. Walakini waliporejea kwa baba yao mkubwa wao aliwafundisha neno ambalo kijana mwenye daftari hakulijua: wamwambie kwamba wameshuhudia lile tu walilolijua, na kwamba ya ghaibu hawakuwa walinzi wake. Walikuwa wamekosea katika waliloliona, lakini walijua mpaka wa macho yao uko wapi.

Imamu Shafi'i, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kuzidharau ishara. Imesimuliwa katika vitabu vya sifa zake kwamba alikwenda Yemen akitafuta vitabu vya firasa, ile elimu ya kumjua mtu kwa sura yake. Alipokuwa akirudi alifikia kwa mtu ambaye kila alama ya uso wake, kwa hesabu ya elimu ile, ilikuwa alama ya ubakhili na ubaya. Lakini mtu yule akamkirimu kwa chakula na kitanda na uvumba na malisho ya mnyama wake, hata Imamu usiku akajipinduapindua kitandani akisema moyoni vitabu vile atavifanyia nini. Asubuhi, alipotaka kuondoka, mwenyeji wake akamtaka alipe kila kitu kwa bei. Kisa hiki hupendwa na wenye firasa. Na katika madhehebu yake neno la mjuzi wa kufananisha viungo hukubaliwa katika nasabu, kwa hadithi ya yule mtu wa Banu Mudlij aliyeitazama miguu ya Zaidi na Usama, akasema hii yatokana na hii, Mtume akafurahi.

Basi mtu huyo aliyeijua nguvu ya ishara ndiye aliyeshika kwa nguvu zaidi kwamba hukumu ni juu ya dhahiri, na kwamba hakimu hana njia ya kuhukumu kwa alama zilizomwingia moyoni. Hoja yake mojawapo ni kisa cha mume aliyemtuhumu mkewe, wakalaaniana mbele ya Mtume. Mtume alitaja sifa za mtoto atakayezaliwa: akizaliwa hivi, mume amesema uwongo, akizaliwa hivi, amesema kweli. Mtoto akazaliwa kwa sura iliyomsadikisha mume. Hapakuwa na ishara iliyo wazi kuliko ile, na aliyeieleza ni yule anayepokea wahyi. Na mwanamke hakuguswa. Viapo vilikwisha kupita, na sharia ikasimama pale iliposimama. Ikiwa Mtume aliiacha ishara kama ile isivunje mpaka wa sharia, kijana wa miaka kumi na sita ana nini?

Mtu aweza kusema: mbona Shafi'i amemruhusu kadhi kuhukumu kwa ilimu yake? Ndiyo, kwa kauli iliyo na nguvu, katika haki za watu, si katika adhabu za Mwenyezi Mungu. Lakini hiyo ni ilimu ya kadhi mwadilifu, aliyeona kwa jicho lake au aliyesikia kwa sikio lake, tena lazima aseme mbele ya watu kwamba amehukumu kwa lile alijualo. Haikukusudiwa dhana iliyopambwa. Na mbele ya hilo kuna jambo ambalo wanafunzi hulipita haraka kwa kuwa ni jepesi kulikariri: hakuna hukumu pasipo madai. Mwenye kudai alete ushahidi, na mwenye kukana ale yamini. Katika nyumba ya vikuku, mdai alikuwa nani? Mwenye mali alikuwa kimya jikoni. Kijana alifungua kesi isiyo na mdai, akawa yeye mpelelezi, na shahidi, na kadhi, kisha akawaita wageni wawe umati.

Kosa lake lilianza kabla ya neno lake la kwanza. Katika Sura ya Hujurat Mwenyezi Mungu amekataza mambo matatu kwa mfuatano, na mfuatano wake ni kama ngazi ya kushukia kisimani: dhana, kisha upelelezi, kisha kusengenya. Mtu hadhani akabaki pale. Dhana humwasha, akaenda kuchungua. Akichungua akapata kijambo, kijambo kikamwasha ulimi. Kijana aliishuka ngazi yote kwa siku saba. Na Mtume alimwonya Muawiya kwamba mwenye kuzifuatia aibu za watu huwaharibu. Na hili kila mwalimu amelijaribu kwa wanafunzi, kwani mtoto anayejua kwamba anapelelezwa hujifunza kuficha vizuri zaidi, asijifunze kuacha.

Ghazali ametaja katika Ihya kwamba Sayyidna Umar, akizunguka usiku mjini Madina, alisikia sauti ya mtu nyumbani kwake, akaupanda ukuta, akamkuta na mwanamke na ulevi. Umar akamkemea. Yule mtu akamjibu kwamba yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, na Khalifa amemwasi kwa matatu: amepeleleza, na Mungu amekataza, ameingia kwa ukutani, na Mungu ameamrisha milangoni, ameingia nyumba ya mtu bila ya ruhusa wala salamu. Umar akamwacha, baada ya kuahidiana naye kwamba atatubu. Tazama kwamba dalili ilikuwa kamili. Aliyekosea mbele yake hakukana. Na aliyerudi nyuma ni Khalifa.

Hii haina maana kwamba mwuaji aachwe. Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu haya haya, ameandika kwamba msimamizi wa mambo ya watu hana ruhusa ya kuyapekua maovu yaliyofichwa, isipokuwa ikiwa linavunjwa jambo lisiloweza kurudishwa: kama vile mtu mkweli kumpa khabari kwamba fulani amejitenga na mtu ili amwue. Hapo inajuzu kupeleleza na kukimbilia, kwani roho ikisha kutoka hairudi. Kwa kauli hii kazi ya askari kanzu ina mahali pake katika sharia, na pahali hapo pana mlango na kizingiti: kuwe na dhulma juu ya mtu, kuwe na khabari ya mwenye kusadikiwa, kuwe na khofu ya kupotea kisichorudi. Edalji alikuwa ametoka gerezani akipiga kelele kwamba amedhulumiwa, na aliyekwenda kumtazama macho alikwenda kwa wito wa mwenye kudhulumiwa. Binti wa jikoni hakuwa na hata moja katika matatu hayo. Ndiyo maana jicho lile lile, kwa Edalji likawa ibada, na kwa binti likawa jeraha.

Yabaki suala la mzazi. Kumpokonya mtoto simu kwa ukali ni kazi ya dakika moja, na baada yake atatazama kwa rafiki yake. Kumvizia usiku ili kujua anatazama nini ni kumfundisha upelelezi kwa vitendo, baada ya kumkataza kwa maneno. Na hayo ndiyo yaliyoahidiwa hapo mwanzo. Akili ya mtoto huyu si ya kutupwa. Mtoto anayeweza kukaa siku saba akaandika kwa tarehe na saa, na kuupanga ushahidi hata wageni wakanyamaza, ndiye khasa wa kusomeshwa mlango wa Madai na Ushahidi katika Minhaj, mbele ya shekhe mpole atakayemwuliza kwa kila karina: na maana nyengine je? Na ya tatu? Huko atakuta kwamba wanazuoni walikuwa wapelelezi kuliko Holmes: walimpeleleza shahidi kabla ya kumpeleleza mtuhumiwa, wakauliza mpokezi wa hadithi alizaliwa lini na alikutana na nani, wakamwacha mtu mwema kwa kusahau kwake, wasimzulie dhambi. Kijana akiionja elimu hiyo, hadithi za simuni zitamwonekea nyepesi, na huenda akaendelea kuzitazama mara moja moja, kama mtu anavyokula kashata.

Ama yule wa mfano, babake hakumpiga. Alimpeleka kwa sonara akamwonyesha vikuku, na risiti ya karo iliyo na jina lake. Kijana akasema atamwandikia binti ujumbe wa kumtaka radhi. Babake akamwambia kwamba alimsema mbele ya watu wanane, basi awaendee kwanza wale wanane, nyumba kwa nyumba, awaambie kwamba alikosea. Kisha ndipo amwendee mwenyewe. Ikachukua siku tatu, kwani wawili kati yao walikuwa wamekwisha kuipeleka khabari mbele, naye akalazimika kuifuata huko ilikofika. Siku ya nne wakapanda gari, baba na mwana, na mama akawapa kanga mbili wampelekee. Kwao binti ni mwendo wa saa mbili na nusu, na kipande cha mwisho huendwa kwa miguu. Walipokelewa, wakakirimiwa madafu. Babu wa binti aliwasikiliza mpaka mwisho, akamwita mjukuu wake. Kijana akasema aliyokwenda kusema, na sauti ikamkatika kati. Binti akazipokea kanga, akamwambia amemsamehe. Alipoulizwa na mzee yule kama atarudi kazini, alitazama chini, akasema hapana.

Kuhusu ile kanga mpya na kule kuzungumza uani kwa sauti ya chini, njiani kijana alitaka kumwuliza babake kama yeye anajua. Akafungua kinywa, kisha akakifunga.